Kumbe Asali Nayo Ni Sukari

Itigi, Jumanne, mwezi wa kumi. Joto, vumbi, na mvua bado haina habari na sisi.

Nimekasirika tangu asubuhi, na sasa jua linashuka sijapoa. Nimekaa kibarazani kwenye kiti cha Yohana, mume wangu. Miguu imevimba hadi viatu vimegoma kuingia, na daftari nimeliegemeza juu ya tumbo. Tumbo hili sasa ni meza kamili. Faida yake kwa leo ni hiyo tu.

Niandike kwa utaratibu, labda hasira itashuka.

Asubuhi nilikwenda zahanati ya misheni kabla jua halijawa kali. Sista Klara, yule muuguzi wa Kizungu anayetupima sisi wajawazito, akanipa kikopo kama kawaida yake. Kuna dawa ya bluu anayoitia kwenye kichupa chembamba, anadondosha mkojo humo, anachemsha juu ya taa ya spiriti. Mkojo mzuri huiacha dawa na bluu yake. Wenye kasoro kidogo huigeuza kijani. Wangu mimi uliigeuza nyekundu kama tofali. Tena! Tofali lile lile la safari iliyopita.

Nina kisukari cha mimba. Sista alikigundua nilipomlalamikia kiu, maana nilikuwa namaliza mtungi wa maji kama ng'ombe wa kutoka malishoni, kisha usiku kucha niko njiani kwenda uani. Na pale ninapochutama, asubuhi sisimizi wamejaa. Mama mkwe aliwaona akafurahi, akasema mtoto huyu ana heri, hata wadudu wanamfuata. Nami nikafurahi naye. Sista alipoambiwa habari ya sisimizi hakufurahi hata kidogo, akaniambia kuanzia siku ile nisiguse sukari.

Basi leo ameinua kichupa chake kwenye mwanga, akanitazama vile anavyotazama mwalimu aliyekukamata unaibia kwenye mtihani. Hata picha ya Malkia wa Uingereza pale ukutani niliona kama inanitazama vile vile.

"Naomi, unakula sukari."

"Sili, Sista."

"Unakula. Dawa haisemi uongo."

Na mimi je, nasema uongo? Hapo damu ilinipanda. Tangu aliponikataza, sukari haijaingia nyumbani kwetu. Kopo lililobaki niligawa kwa jirani. Yohana anakunywa chai bila sukari huku ananung'unika utadhani mimba anabeba yeye. Treni ikisimama stesheni na wale wanawake wa maandazi wakianza kuita, mimi nafunga dirisha. Halafu naitwa mwongo, mbele ya wanawake wote wa benchi! Nikamwambia Sista anitafutie mkojo mwingine, huu wa kwangu ndio huo.

Akaona nakaribia kulia. Akavuta kiti, akasema haya, nitajie kila kitu ulichokula tangu jana.

Nikataja. Uji wa uwele. Mtupu? Mtupu, na asali. Chai ya rangi. Tupu? Na asali. Jioni maziwa ya mgando. Na asali. Wakati wa kulala kijiko cha kikohozi. Una kikohozi? Sina, ila Mama anasema ni kinga. Kijiko cha nini? Cha asali.

Sista aliweka kalamu mezani taratibu. Akacheka hadi akafuta macho, halafu ghafla akaacha kucheka, akakasirika kabisa.

"Naomi, asali ni sukari."

Asali ni asali! Sukari ni ile nyeupe ya dukani, inayokuja na treni ndani ya gunia. Asali inatoka porini kwenye mizinga, na ni dawa. Mtoto akiungua, asali. Kidonda, asali. Mzazi akitoka uzazini, asali. Hapa Itigi mtu akikuuliza umekula nini hutaji asali, kama usivyotaja chumvi. Tumeambiwa tuache sukari na sisi, watu watiifu, tukaiacha yote, tukaongeza asali kuziba pengo. Na Mama mkwe ana mkono wazi. Alipoona nimenyimwa cha dukani, alinihurumia, kijiko kimoja kikawa viwili.

Mimi ni mtu wa Iramba, nimesoma shule ya misheni hadi darasa la sita, naimba alto kanisani, na hilo halikunijia kichwani. Ila namlaumu na Sista. Ameishi hapa miaka, madebe ya asali anayapita kila mlango, akashindwa nini kusema neno moja, asali? Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, "Hapo umenipata. Kosa langu." Kosa lake, kosa langu, na anayekula adhabu ni wa tatu ambaye hajaona hata jua.

Maana mtoto huyu ndiye aliyeniogopesha leo.

Mpaka leo nilijua mgonjwa ni mimi. Mtoto nilimwona mzima kuliko watu wote wa nyumba hii. Anapiga mateke, anakua. Yohana ni karani wa tikiti, na hakuna abiria anayeondoka dirishani kwake bila kuambiwa mke wake amebeba dereva wa treni. Wanawake kisimani wananishika tumbo na kusema hongera, hili dume. Sista akanipima kwa utepe wake, akasema tumbo ni la miezi tisa, na mimba ndiyo kwanza imeingia mwezi wa nane. Nikatabasamu. Akasema, "Usicheke, Naomi. Mkubwa si lazima awe na nguvu."

Akanieleza polepole, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuelewa. Sukari iliyozidi kwenye damu yangu inapita hadi kwa mtoto. Naye ana kiungo chake kidogo nyuma ya tumbo, kongosho, ambacho kazi yake ni kuipunguza sukari hiyo. Kwa kuwa sukari inaingia bila kukoma, kongosho la mtoto linafanya kazi ya mtu mzima, na kila kinachozidi linakigeuza mafuta. Ndiyo maana ananenepa, mabega yanapanuka hadi yanaweza kukwama njiani. Mapafu yake, kinyume na mwili, yanachelewa kukomaa. Mwingine hufia humo humo tumboni wiki za mwisho, na hakuna anayejua kwa nini mateke yameacha.

Halafu akasema la kuzaliwa. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma mara moja. Ila kongosho la mtoto halijui kwamba mambo yamebadilika, linaendelea kumeza sukari kama lilivyozoea. Baada ya muda mfupi damu ya mtoto haina kitu. Analegea. Mikono inatetemeka.

Hapo nilimwambia Sista anyamaze kidogo.

Kutetemeka huko nimekuona kwa macho yangu.

Ilikuwa Sepuka, kwao Yohana, mwaka juzi, kwa mtoto wetu wa kwanza. Mabega yalikwama, nusura niage dunia. Alipotoka, wanawake walipiga vigelegele hadi wa ng'ambo ya mashamba wakaja kutazama. Mashavu! Mikono ina mikunjo kama ya mtoto wa miezi mitatu. Mama mkwe alimnyanyua juu, akacheza naye.

Kwao, na hata kwetu Misigiri ni hivyo, maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, mtoto hapewi. Watu wanasema ni machafu, yamekaa sana kifuani. Yanakamuliwa chini, mtoto anangoja meupe yaje, akizidi kulia anapewa maji ya uvuguvugu kwa kidole. Watoto wembamba huonewa huruma, bibi mmoja atatafuta maziwa ya mbuzi. Wa kwetu hakuonewa huruma na mtu. Mama alimfinya shavu akasema, "Huyu ameshiba huko huko tumboni. Angoje." Wote tukacheka. Na mimi nilicheka, nimelala pale nimechoka, nikajiona mama tajiri.

Basi akangoja. Jioni alikuwa kimya, tukamsifu kwa adabu yake. Usiku vidole vilianza kutetemeka, kisha miguu. Kulipopambazuka nilimpa titi bila kuuliza mtu, na hakuwa na nguvu ya kulishika. Jua halikuzama tena akiwa nasi.

Watu wakasema ni jicho. Akatafutwa aliyesifu mashavu yake kuliko wengine, akaonekana mama mmoja jirani, na hadi leo Mama mkwe hamjibu salamu.

Nilimweleza Sista haya yote. Akaniuliza alinyonya lini. Nikamwambia. Akaweka mkono wake juu ya wangu, nikajua jibu kabla hajalisema. Akasema mtoto wa namna ile anapaswa kunyonya saa ile ile anayozaliwa, tena mara kwa mara, kuliko hata yule mwembamba. Yale mafuta yote mwilini hayamsaidii saa ile. Mwili wake hauwezi kuyafungua.

Tulimlisha asali akiwa ndani, tukamnyima maziwa alipotoka.

Sista hakusema kwamba maziwa yangemwokoa. Alisema huenda. Neno hilo, "huenda", nimelibeba kutoka zahanati hadi nyumbani kwenye jua lile, na ni zito kuliko mtoto. Pia ameagiza Alhamisi nipande treni kwenda hospitali ya Dodoma. Huko kuna sindano za kisukari, kuna daktari, na watanizalisha kabla ya siku zangu ili mtoto asije akafia ndani. Nikae huko mpaka mwisho.

Nimefika nyumbani, nimekuta nini? Uji. Mama mkwe yuko jikoni, debe limefunguliwa, bakuli langu linamngoja mwenyewe.

Nikasema shikamoo Mama, akaitika marahaba mwanangu, kunywa kabla haujapoa. Nikamwambia kwa upole, wakati huo bado ninao upole, kwamba asali basi, Sista amekataza.

"Sista si alikataza sukari?"

"Anasema asali nayo ni sukari, Mama."

"Mzungu anajua nini habari za nyuki?"

Ikawa ndiyo hotuba. Kwamba mizinga ile ni ya marehemu baba mkwe, aliitundika kwa mikono yake. Kwamba debe lile amelisindikiza mwenyewe juu ya lori kutoka Sepuka, amelipakata njia nzima. Kwamba amezaa saba kwa asali hiyo hiyo na wote wanatembea. Kukataa asali ya ukoo ukiwa na mimba ya ukoo ni kuwakataa wenyewe. Nikamwuliza basi nile nini, Sista anasema nile mayai. Mayai! Akashika kichwa. Mtoto atazaliwa hana unywele hata mmoja. Kwa hiyo ndiyo hali yangu: anachoruhusu Sista, Mama amekikataza, na anachokataza Sista, Mama amekikoroga tayari.

Nikamwambia habari ya Dodoma. Hapo ndipo alipoketi chini kabisa. "Mtoto mkubwa hivi, mzima hivi, unakwenda kumtoa hajaiva? Wakamtazame watu wasiojulikana wenye macho yao?"

Yohana akaja kula. Nikamshukuru Mungu, nikasema mwenye nyumba amefika, ataamua. Alisikiliza upande wangu akitafuna, akasikiliza upande wa mama yake akitafuna, akanawa, akasema, "Ninyi wanawake mnaelewana wenyewe." Halafu akasema amesikia treni inapiga honi. Treni gani? Saa zile hakuna treni. Akavaa kofia ya reli akaondoka mbio kuipokea.

Jamani, mume huyu.

Mama akaona amepewa ushindi. Akalisukuma bakuli karibu yangu akasema, kunywa mwanangu, huyu naye atoke ameshiba kama mwenzake.

Kama mwenzake.

Sikuwa nimepanga kusema. Nilitaka nimwambie Yohana kwanza, kwa wakati wake, naye amwambie mama yake kwa Kinyaturu chao, taratibu, kama watu. Lakini neno lile lilinichoma na nikalirudisha lilivyo. Nikasema, "Mama, mwenzake hakutoka ameshiba. Mwenzake alikufa na njaa." Nikaeleza yote, ya kongosho, ya kitovu, ya dang'a tuliyoimwaga, kwa sauti ya juu, nimesimama, mimi ambaye kwa mkwe wangu sijawahi kupandisha sauti tangu niolewe. Nikamkumbusha hata lile "angoje" lake. Hapo nilimwona likimwingia.

Akaweka mwiko chini. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Na mimi ndipo nikaja kukaa hapa. Nimekaa mchana kutwa, mtu hajaja. Nina hasira na Sista, nina hasira na Yohana, na sisimizi, na nyuki, na yule wa kwanza kabisa duniani aliyeamua kwamba maziwa ya njano ni machafu. Zaidi ya yote nina aibu. Maneno yale ni ya kweli, ila nimemtupia mwanamke mzee kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo. Naye alimpenda mtoto yule. Nani alimkanda kwa mafuta? Nani alimfunga nguo ya kwanza? Ni yeye huyo huyo.

Lakini kama nisingesema, uji ningekunywa. Najijua. Ningekunywa ili yaishe.

Nimeacha kuandika, nimerudi tena.

Mama amekuja. Alitandika mkeka hapa chini karibu na miguu yangu, akaketi ameipa uso barabara, hanitazami. Alikuwa amelia, macho mekundu. Nikaanza kusema samahani, akanyoosha mkono niache.

Akauliza, "Na huyu akitoka, anyonye lini?"

"Saa ile ile, Mama."

"Hata yale ya njano?"

"Hasa yale ya njano."

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama anayehesabu jambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, si kwangu:

"Kumbe Ntandu alikuwa na njaa."

Nilitaka kuuliza Ntandu yupi. Ntandu ninayemjua ni marehemu baba mkwe, naye hakufa kwa njaa, alikufa mzee ameketi mlangoni pake. Halafu nikaelewa, nikashika mbao za kiti.

Mtoto wetu alizikwa kabla ya kupewa jina. Kwangu mimi ni "yule mtoto". Yohana hamtaji kabisa, ukianza habari hizo anasikia treni. Nami nilifikiri ndiyo imekwisha hivyo, amekuja bila jina na amekwenda bila jina. Kumbe bibi yake alimpa jina la mumewe. Hakumwambia mtu. Muda wote huu, huko jikoni, akisonga na kukoroga, anaye mjukuu anayemwita kwa jina lake.

Nilishuka kwenye kiti, na kushuka kwangu siku hizi ni kazi ya watu wawili, nikakaa naye mkekani. Tulilia wote. Jirani mmoja alipita, akatuona, akaongeza mwendo.

Baadaye Mama alifuta uso kwa kanga, akainuka, akasema anakwenda stesheni kumwambia mwanawe atafute pasi mbili za treni ya Alhamisi, si moja. Nikamwambia Mama, ni mbali, nitakaa huko wiki nyingi. Akanijibu kwa ukali wake wa siku zote, na nilifurahi kuusikia.

"Unadhani nitawaachia wageni? Kitovu kikikatwa tu, nitamtia kifuani kwako mimi mwenyewe. Atakayesema angoje atanijua."

Wiki nyingi Dodoma na Mama mkwe. Mungu anisaidie, mayai atayahesabu kila nikila.

Sasa namwona kule barabarani anakata vumbi kuelekea stesheni, mgongo umeinama, hatua za haraka. Hasira bado ninayo, imejaa tele, ila sijui tena nimkasirikie nani. Labda si lazima nijue leo. Alhamisi tunapanda.

Huyu atanyonya saa ile ile.